Barua ya Wazi kwa Waziri wa Madini: Sampuli za Uchorongaji za Magharibi Zihifadhiwe Kisumu

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Kisumu kuhusu jambo moja. Sampuli za mwamba zinazotolewa ardhini kwa mashine za uchorongaji huku magharibi mwa Kenya zinaharibika, na zinapoharibika, maarifa yaliyogharimu fedha nyingi huharibika pamoja nazo.

Mwaka uliopita niliingia katika ua mmoja karibu na Koru, nikakuta masanduku ya sampuli yamerundikwa nje bila paa. Mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa, na tarakimu zinazoonyesha kina cha kila kipande zilikuwa zimefutwa na mvua. Niliokota kipande kimoja cheupe chenye mishipa ya rangi ya kahawia. Nilipokidondoshea asidi hafifu, sehemu nyeupe ilitoa povu papo hapo, lakini ile mishipa ilitulia mpaka nilipoikwangua kwa kisu ikawa unga. Tofauti hiyo humfanya mtafutaji wa madini asimame na kuuliza kama maji ya moto yaliwahi kupenya mwamba huo na kuubadilisha, na kama yalibeba metali. Sikuwa na wa kumuuliza. Hakuna aliyejua kipande hicho kilitoka shimo lipi, wala mita ngapi chini ya ardhi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu miamba ya chokaa haifanani. Ile ya Koru, kama ya Mlima Homa na Ruri, ni kabonataiti, yaani ilitokana na uji wa volkeno, ilhali marumaru ya Ortum kule Pokot Magharibi ni miamba ya kale iliyogeuzwa na joto na mgandamizo. Metali za risasi na zinki hutafutwa sana katika chokaa na dolomaiti (mwamba wa jamii ya chokaa wenye magnesi) zilizotandazwa na bahari, ambamo maji ya chumvi yenye joto hupita katika nyufa na mapango na kuacha metali. Lakini kabonataiti nayo isidharauliwe, kwani huko Phalaborwa, Afrika Kusini, mgodi mkubwa wa shaba ulichimbwa ndani ya mwamba wa aina hiyo hiyo. Anayechoronga kwa ajili ya chokaa ya kiwandani hupima chokaa tu, akamaliza kazi yake. Mwenye swali la shaba atakuja baadaye, naye atahitaji sampuli zile zile.

Tena zinki hujificha. Karibu na uso wa ardhi, hewa na maji huigeuza ikawa kama udongo wa kahawia au jiwe jeupe lisilong'aa, na macho mazoefu huipita. Kule Missouri, Marekani, ukanda wa Viburnum wenye risasi nyingi uligunduliwa mwaka 1955 kwa kuchoronga, maana mashapo yake yalikuwa mbali chini ya ardhi.

Sampuli hizo ni kumbukumbu ya afya pia. Kabwe, nchini Zambia, ambako risasi na zinki zilichimbwa katika dolomaiti hadi mwaka 1994, watoto bado wanaathiriwa na risasi iliyobaki katika udongo. Endapo siku moja uchimbaji utaanza kwetu, tutahitaji kujua mwamba na udongo vilikuwa na risasi kiasi gani kabla ya kuguswa.

Ninaomba, Mheshimiwa, wizara yako ifungue ghala la sampuli hapa Kisumu: jengo lenye paa, rafu za chuma, meza ya kukagulia na msimamizi mwenye daftari. Kila mwenye leseni ya utafutaji katika eneo hili atakiwe kukabidhi angalau nusu ya kila sampuli, ikiwa na nambari ya shimo na kina chake, na wanafunzi wa jiolojia waruhusiwe kuzisoma. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inazipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha, yaani malipo ya wachimbaji kwa serikali, na jamii asilimia 10. Wanaongoja mgao huo wana haki ya kujua kilicho chini ya mashamba yao.

Masanduku ya Koru bado yapo nje, na mengine bado yanasomeka. Yakiletwa kabla ya mvua za masika, niko tayari kuyaandika upya, sanduku kwa sanduku.

Wako mwaminifu,
Fundi wa maabara ya miamba, Kisumu