Kaka anasema ni damu ya ukoo, hospitali haendi

Asalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Pemba, nina miaka 44. Nakuandikia kuhusu kaka yangu mkubwa, na kwa kuwa ni habari ya mkojo, utaniwia radhi.

Wiki tatu zilizopita wifi yangu alinipigia simu alfajiri, ananong'ona. Ameingia chooni baada ya mumewe, akakuta kwenye sinki jeupe pamebaki wekundu kama maji yaliyooshewa nyama. Alipomuuliza, kaka alimjibu kuwa amekula bitiruti. Shangazi, bitiruti haijapata kuingia nyumba ile. Siku mbili baadaye damu ikatoka tena, na haumwi popote. Hilo la kutoumwa ndilo linalonitisha, maana marehemu baba alianza hivihivi. Alinyamaza karibu mwaka mzima, na alipofikishwa Dar es Salaam saratani ilikuwa imeshapenya ukuta wa kibofu.

Sasa sikiliza kilichoharibu mambo. Kitinda mimba wetu anaishi Uingereza. Mwaka jana alilipia kipimo cha vinasaba, kile cha kutema mate kwenye kichupa, akaambiwa amerithi aina ya jeni ya NAT2 inayofanya kazi polepole, na kwamba aina hiyo inahusishwa na saratani ya kibofu. Akaturushia sauti ya dakika sita kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ami akadakia kuwa hata babu alikufa akikojoa damu. Basi, ikapitishwa: ni ugonjwa wa ukoo. Tangu siku hiyo kaka ana jibu moja: "Kama kimo ndani ya damu, hospitali watakitoa?" Akishasema hivyo anawasha sigara. Anavuta tangu kidato cha pili.

Nimejisomea nilivyoweza. Jeni hiyo ndiyo inayotengeneza kimeng'enya kinachosaidia ini kuvunja makali ya baadhi ya kemikali, zikiwemo zilizomo kwenye moshi wa sigara. Kwa mwenye aina ya polepole, sumu hizo huchelewa kuvunjwa, zikateremka kibofuni na kukaa humo pamoja na mkojo. Jeni hiyohiyo ndiyo inayoamua dawa ya kifua kikuu, isoniazidi, itoke mwilini upesi au taratibu. Wala aina hiyo ya polepole si mali ya ukoo wetu: kwa Wazungu karibu nusu ya watu wanayo, na wengi wao hawaugui saratani hiyo maisha yao yote. Hatari hupanda hasa kwa anayevuta. Kwa hesabu zangu za mwalimu wa darasa la nne, habari ile ingemtosha kaka kuzima sigara. Yeye imempa kiberiti.

Na kuna neno ambalo kwenye kundi la ukoo halijatajwa hata mara moja: kichocho. Sote tumekulia bondeni, tunaoga mtoni, tunakanyaga maji ya mpunga kutwa. Enzi zile mvulana kukojoa damu ilikuwa ni kuchekwa na wenzake, yakaisha. Mayai ya kichocho hubaki kwenye ukuta wa kibofu miaka mingi yakiujeruhi, na saratani inayotokana nayo mara nyingi si ya aina ile ya wavuta sigara. Leo vidonge vikiletwa shuleni, mimi ndiye ninayewasimamisha watoto kwenye kijiti cha kupimia kimo ili ijulikane kila mmoja ameze vingapi. Babu alilima mpunga hadi nguvu zilipomwisha, na kijiti hicho hakukiona. Ami ana hakika gani kuwa kilichomuua ni jeni?

Taabu yangu ni haya. Tangu baba afariki, kaka ndiye baba. Mimi mdogo wake wa kike nianzie wapi kumuuliza habari za mkojo wake? Nikiuliza atajua wifi amesema, na wifi ameniapisha. Ningemtumia ami, lakini ami ndiye bingwa wa "ugonjwa wa ukoo". Kitinda mimba nimemwomba arekodi sauti nyingine ya kuitengeneza ile ya kwanza. Kaka anamwona mtoto, sidhani kama ataisikiliza hadi mwisho. Mume wangu anasema tumwambie imamu. Mimi naona hapo tutakuwa tumemwaibisha.

Shangazi, nipite mlango gani ili afike hospitali, wampime mkojo na kumwangalia kibofu, bila kumvunjia wifi nyumba yake? Na hili dogo: mwanangu wa miaka 19 naye anataka apimwe jeni. Nimemwambia kwanza asiguse sigara. Nimekosea?

Wifi hunitumia ujumbe kila asubuhi, neno moja tu. Leo ni siku ya tano mfululizo ameandika "safi", na kaka amemwambia, unaona, bitiruti imekwisha. Ya baba nayo ilikuwa ikikatika hivi, kisha ikirudi.

Mimi dada mtu,
Pemba