Baba wa Kamalondo, Olimpiki mara tatu si bure

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu wa mtaa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, Kongo, yule aliyelalamika kwamba mlipoteza nusu ukurasa kwa kumwandika Neslihan Arın, mchezaji wa Uturuki wa mpira wa vinyoya, au badminton kama wengi wanavyouita hapa mjini. Hoja yake ilikuwa fupi: mwanamke huyo amekwenda Olimpiki mara tatu na hakurudi na medali hata moja, sasa sisi watu wa Lubumbashi tunasomeshwa habari zake za nini? Mwishoni akatupia mzaha kwamba msichana akishaolewa, raketi hubaki kwa wazazi wake.

Mimi ni mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule moja ya sekondari hapa Katuba. Sina ugomvi na baba huyo. Kwa jinsi anavyoandika naona ni mkubwa wangu, na kwa kweli barua yake ilinichekesha. Ila wanafunzi wangu wawili waliisoma, wakaniletea gazeti na kuniuliza kama ni kweli. Ndiyo maana naandika.

Neslihan alizaliwa Bursa mwaka 1994, akiitwa Neslihan Yiğit. Shirikisho la mchezo huo nchini Uturuki lilianzishwa 1991, kwa hiyo ni kubwa kwake kwa miaka mitatu tu. Uturuki ni nchi ya mieleka, ya kunyanyua vyuma, na ya mpira wa miguu unaowapandisha watu presha kama huku kwetu. Mwaka 2012 binti huyo alipoingia ukumbini Wembley Arena, London, akiwa na miaka 18, hapakuwa na Mturuki yeyote, mume kwa mke, aliyewahi kucheza mpira wa vinyoya katika Olimpiki. Baba anauliza alileta nini nyumbani. Alilitia jina la nchi yake katika orodha ambamo halikuwahi kuwamo. Jirani zetu wa Zambia wanalijua jambo hilo, maana Eli Mambwe aliwachezea Beijing mwaka 2008. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa umeshafika kwa watu waliomtuma mchezaji wa vinyoya Olimpiki. Sisi huvuka kufuata unga wa mahindi.

Lakini sehemu ya maisha yake ninayoipenda zaidi ni ile ambayo gazeti lenu lenyewe liliiruka, na hapo, Bwana Mhariri, lawama ni yenu. Mliandika London, mkaandika Tokyo, mkaandika Paris. Katikati kuna Rio 2016, na Neslihan hakuwa Rio. Aliyekwenda ni Özge Bayrak.

Watu hawa wawili walikuwa pamoja. Katika Michezo ya Mediterania ya 2013, iliyofanyika Mersin, nchini mwao, walisimama upande mmoja wa wavu wakachukua dhahabu ya wanawake wawili wawili. Sasa sikilizeni sheria ya Olimpiki ya wakati ule kwa mchezaji mmoja mmoja: nchi ilipewa nafasi mbili pale tu ambapo wachezaji wake wawili wote walikuwa ndani ya 16 bora wa dunia. Nje ya hapo, nafasi ni moja. Na nafasi hiyo hupatikana kwa pointi zinazokusanywa mwaka mzima, mashindano baada ya mashindano, leo ndege, kesho basi, hoteli za bei ndogo, na hesabu inachukua matokeo yako 10 yaliyo bora. Basi fikirieni. Unafanya mazoezi na mwenzako, unashinda naye dhahabu, unakula naye meza moja, na mwaka mzima nyote mnajua kwamba kiti ni kimoja. Mwaka ule kiti kilikuwa cha Bayrak.

Kwetu hapo ndipo hadithi nyingi huishia. Nimewaona vijana wenye kipaji wakiachwa nje ya timu ya mkoa mara moja tu, na mwaka uliofuata unawakuta wanauza mega na kadi za simu barabarani, wamesahau hata walicheza nafasi gani. Siwalaumu, tumbo halingoji. Nataka tu baba wa Kamalondo aipime miaka ile vizuri. Kutoka London hadi Tokyo, ambayo ilichezwa 2021 kwa ajili ya korona, ni miaka tisa bila Olimpiki. Aliendelea kucheza.

Na mwaka huohuo wa 2021, kabla ya Tokyo, alichukua shaba ya ubingwa wa Ulaya mjini Kyiv. Shaba ya Ulaya si kitu cha kuokota njiani: Ulaya ndiko kuna Wadenmark, ambao mchezo huu kwao ni kama chakula, na ndiko anakotoka Carolina Marín wa Hispania, bingwa wa Olimpiki wa Rio, ambaye ndiye aliyetwaa ubingwa huo wa Kyiv. Kwa hiyo yule anayesema “hata medali moja” aongeze neno “ya Olimpiki”, tuwe wa kweli.

Tokyo akapangwa kundi moja na Chen Yufei wa China na Doha Hany wa Misri. Kila kundi lilipitisha mtu mmoja tu. Aliyepita ni Chen, na Chen huyo akaenda moja kwa moja hadi dhahabu. Sijui baba alitaka afanye nini zaidi. TP Mazembe, klabu yetu ya mpira wa miguu, walipofungwa 3–0 na Inter ya Italia katika fainali ya dunia ya klabu mwaka 2010, nani hapa Kamalondo alisema walikwenda kupoteza wakati? Tulijaa barabarani! Hadi leo watu wanaitaja fainali ile kana kwamba tulishinda.

Sasa lile la ndoa. Paris 2024 orodha ya wachezaji haikusema Yiğit, ilisema Arın, jina la ndoa. Alikuwa na miaka 30. Raketi haikubaki kwa wazazi. Sitalirefusha hilo, kwa kuwa baba anaishi karibu na uwanja wa TP Mazembe na anajua vizuri jinsi mji ulivyocheza ngoma Novemba 2024, wasichana wa Mazembe walipoifunga klabu ya AS FAR ya Morocco kulekule kwao na kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake. Siku ile hakuna aliyeuliza nani ameolewa na nani hajaolewa.

Ninalo langu pia kuhusu ndoa. Mchezaji wangu bora kuliko wote, msichana mwenye mkono mwepesi ambao sijauona tena, alipotolewa mahari familia ya mume ilisema wazi kwamba bukta haziingii nyumbani kwao. Mama yake alinijia barazani akiona aibu. Nikamwambia mama, hata suruali ndefu inachezewa, hata sketi. Haikusaidia. Bukta kwao ilikuwa kisingizio, na mimi nilijua, naye alijua.

Wanaosema mchezo huu ni wa matajiri wana haki kidogo, si sana. Uwanja ni mita 13.40 kwa 6.10, unaingia katika ukumbi wa parokia. Mistari tumeichora kwa chokaa. Neti ya mita 1.55 kwenye nguzo tuliishona kwa nyavu za samaki zilizotoka Kasenga. Kinachotuumiza ni vinyoya vyenyewe. Kile cha kweli kina manyoya 16 na uzito usiofika gramu sita. Kipige vizuri mchana mmoja, kimekwisha. Ndiyo maana tunatumia vya plastiki kutoka maduka ya Wahindi mjini. Na nje haiwezekani kabisa: upepo wa Agosti unakibeba hadi kwa jirani pamoja na vumbi. Mtu anayetaka kutusaidia asitupe raketi, tunazo. Atutafutie ukumbi wenye paa la juu, maana letu liko chini mno, na mpigo mrefu unagonga mabati.

Kwenu, Bwana Mhariri, ombi langu ni dogo. Msisubiri Olimpiki ijayo ndipo mkumbuke kwamba wanawake hawa wapo. Matokeo ya Ulaya, ya Afrika, hata ya Zambia tu, yanaingia katika mistari mitatu chini ya ukurasa wa michezo, pale mnapoweka tangazo lilelile la dawa ya nguvu za kiume kila wiki. Na mkiandika Arın, wekeni Yiğit pembeni, kwani mwanafunzi wangu mmoja alidhani ni watu wawili.

Kwa baba wa Kamalondo: mazoezi yetu ni Jumamosi kuanzia saa nane mchana, ukumbi wa parokia, Katuba. Aje na viatu vya soli laini, sakafu imepakwa rangi juzi. Nitampa msichana wa miaka 14 acheze naye hadi pointi 21, na kiti tutamwekea kabisa kando ya uwanja, kwa ajili ya kupumzika.

Mwalimu wa mazoezi ya viungo,
Katuba, Lubumbashi