Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: karibu bandani

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, shikamoo.

Jina la chuo sitaji, mwenyewe unajijua, na mimi sijifichi maana bandani tupo wawili tu. Mwaka wa sita huu nalisha panya, sungura na simbilisi wa utafiti hapa Mwanza, nabadilisha maranda, msosi wao tunachanganya wenyewe, pumba na dagaa wa soko la Mwaloni, ile harufu nikipanda daladala watu wanafungua madirisha.

Nakuandikia kwa sababu ya kigoroli.

Chupa ya panya ina mrija wa chuma na ndani ya mrija kuna kigoroli, panya akikilamba kinarudi nyuma kidogo tone linashuka. Maji yetu ya kisima yana chumvi, usipousafisha mrija kigoroli kinaganda. Sasa Jumatatu moja nafika asubuhi keji mbili kimya, panya saba wamekufa, waliobaki wamejikunja manyoya yamesimama wima, na chupa juu yao zimejaa mpaka shingoni. Wikiendi hatuna zamu, ovataimu ilifutwa. Na Ijumaa yake tu kamati ya maadili ya chuo, ile inayopitisha maombi ya utafiti wa wanyama, ilikuwa imepita, mara ya kwanza tangu nianze kazi, wakasimama mlangoni, mmoja kaziba pua, wakaona chupa zimejaa wakatiki fomu wakaenda zao kunywa chai.

Jamani sipingi utafiti. Nimekulia Ukerewe, darasa la nne niliumwa kichocho, na dawa niliyopewa shuleni ilipita kwa wanyama kwanza, kwa hiyo hao panya nawadai heshima... au wao ndo wananidai mimi.

Kinachoniuma ni kamati kusoma karatasi tu. Mwanafunzi kaandika kwenye maombi panya 24, bandani nimepokea 40, nani alihesabu? Wakati kanuni ni ya tangu 1959, kama kuna njia nyingine mnyama usimguse, ukimtumia tumia wachache, na hao wachache wasiteseke bure. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama nchi hii tunayo tangu 2008. Kule Marekani chuo kikila hela ya serikali ya utafiti wa afya, kamati yake inatakiwa iwe na watu wasiopungua 5, awemo daktari wa mifugo anayewajua wanyama wa maabara, awemo asiye mwanasayansi na awemo mtu asiye na uhusiano wowote na chuo, afu kila miezi 6 wanakagua banda lenyewe. Sisemi tuige kila kitu maana hela hatuna, ila mtu wa nje anagharimu nini? Nauli ya daladala! Mchukueni hata mama mmoja anayeuza dagaa Kirumba, yule akiona kitu kimeoza hakupambii maneno.

Zamu ya wikiendi naomba irudi, hata kwa nusu siku.

Na wewe mkuu naomba uje mwenyewe, usipige simu kabla maana ukipiga tutapiga deki. Ukifika usiishie mlangoni, chukua chupa yoyote, igeuze, bonyeza kigoroli kwa kidole uone kama maji yanatoka. Ufunguo ninao mimi, nikiwa sipo uko kwa mlinzi wa geti la nyuma.