Someni maandishi ya pasi ya nywele kabla ya safari

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wasafiri wanaobeba pasi za nywele na mashine za kukaushia nywele. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haipunguzi umeme. Hivyo mashine iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani, ikichomekwa kwenye volti 230 za Uingereza, huvuta nguvu karibu mara nne na huweza kuungua papo hapo. Yangu ilitoa moshi kabla sijaifikisha kichwani, na harufu ya plastiki iliyoungua ilibaki chumbani usiku kucha. Tafadhali someni maandishi madogo yaliyo kwenye mpini: iliyoandikwa “100–240V” hutumika kote, ingawa baadhi ya mashine za volti mbili zina swichi ya volti ya kugeuzwa kwanza kwa mkono. Transfoma ndogo za safari, yaani vifaa vya kupunguza volti, haziwezi kubeba mashine ya wati 1,800.

Msomaji wenu