Kwa mdogo wangu, kuhusu ile TV niliyoizima

Mdogo wangu,

Tangu Iddi pili hunipigii, na mimi sikupigii. Kosa langu, kama unavyowaambia watu, ni kuzima TV mbele ya wageni. Wewe ulikuwa unacheka. Mwanao kajaza Vimto kwenye glasi, kaigida yote kwa mkupuo, kaibamiza mezani kama yule kijana anayekunywa pombe kwenye tamthilia, wenziwe wakampigia makofi. Ukasema: "Muache, nyumba hii haina mlevi, atajifunzia wapi?"

Atajifunzia hapo hapo ukumbini. Yule kijana mara nyingi ni mtu mzima wa miaka 20 na kitu, maana sheria za kazi huko kwao zinabana saa za mtoto kwenye seti. Wiski yake ni chai ya rangi iliyochujwa ikapozwa. Vodka ni maji. Bia ni ile isiyo na kilevi; povu likifa hutiwa chumvi kidogo likapanda tena. Hata barafu ni ya plastiki, kwa sababu ya kweli huyayuka kwa joto la taa na hugonga glasi sauti ikaharibika. Ndiyo maana anamaliza glasi 10 na ulimi wake hauwi mzito. Waturuki wao huifunika glasi kwa ukungu kwenye TV, na watoto wetu ndiyo kwanza wanakodoa macho.

Hesabu yenyewe haionyeshwi. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi, na ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo bia moja tu ni saa mbili au tatu. Kahawa haiharakishi, kuoga maji baridi hakuharakishi. Pombe kali ya asilimia 40 ikigidwa vile, huendelea kuingia kwenye damu hata mwenyewe akiwa kashazimika. Tamthilia inakata papo hapo: kalala kwenye kochi, mara asubuhi, kavaa miwani ya jua, watu wanacheka.

Saa walizozikata ndizo zinazoua. Aliyezimika akalala chali akatapika, matapishi yanamziba pumzi. Alazwe ubavu, goti la juu likunjwe, mdomo uelekee chini, na mtu abaki naye. Asitapishwe, asinyweshwe kitu. Ukimtikisa haamki, au pumzi zikishuka chini ya 8 kwa dakika, au midomo ikigeuka rangi, ni hospitali ya Mnazi Mmoja usiku huo huo.

Na hapa ndipo ninapokuogopa wewe, maana nakujua. Utafunga mlango majirani wasisikie. Utasema mwache alale, itamtoka. Wenziwe nao watamficha kwa kuogopa bakora yako. Nyumba yenye mlevi huenda yupo wa kumtofautisha aliyelala na anayekata roho. Yetu, kama ulivyosema mwenyewe, haina.

Kwa hiyo nilizima, na nilitaka kumweleza mtoto haya, ukanikatiza. Ukanisindikiza mpaka mlangoni bila hata kunifungia sahani ya boko boko, mimi niliyekulea! Haya, mlete Ijumaa baada ya sala, nitapika biriani. Wewe kama hutaki kuingia, mshushe nje uende zako.

Dada yako