Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: ngoma zangu 5 zimechomwa moto Ulaya

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni,

Assalaam aleykum. Mimi ni mwamba ngoma wa hapa Bagamoyo. Kazi hii nimerithi kwa baba yangu mdogo, na mwaka huu natimiza miaka 31 tangu nichonge gogo langu la kwanza. Nakuandikia kwa heshima zote, ila heshima hiyo usidhani ndiyo hali ya moyo wangu.

Jumanne iliyopita nilipata ujumbe kwamba ngoma zangu 5, yaani msondo mmoja, vumi moja na chapuo 3, zimeteketezwa kwenye uwanja wa ndege wa nchi moja ya Ulaya. Nchi yenyewe siitaji, maana ina ubalozi Dar es Salaam na huenda nikawa na shida nao tena. Sababu waliyoandika ni ngozi. Ya mbuzi, haikupita kiwandani, haina cheti cha mifugo cha aina wanayoitaka wao. Cheti nilikuwa nacho, kina muhuri na risiti juu yake, kumbe si hicho. Walitoa siku chache za kulipia ukaguzi au kuzirudisha ngoma kwa gharama zetu. Siku hizo sisi wenye ngoma tulikuwa bado tunahangaikia viza.

Na viza yenyewe, Mheshimiwa! Tulikuwa kikundi cha watu 5, tumealikwa kwa barua kwenda kupiga ngoma huko, malazi yamelipiwa. Ada ni euro 90 kwa kila mtu, na ukikataliwa hairudi. Safari za Dar tatu, nauli na chakula juu yetu. Fedha zilitoka kwenye kikoba cha mke wangu, na mpaka leo chai yangu inakuja baridi. Watatu wakapewa, wawili wakanyimwa. Karatasi ya kunyimwa ina visanduku, na alama waliiweka kwenye kile kinachosema wana mashaka kama mwombaji ataondoka nchini mwao muda ukiisha. Mmoja wa hao wawili ni mimi, mpiga msondo. Nina miaka 54, wajukuu 4 na hisa katika mashua. Nibaki kwenye baridi ile nikifanya nini? Bila msondo hakuna ngoma, basi hata waliopewa hawakwenda.

Kutoka karakana yangu hadi ufukweni ni mwendo wa dakika 10. Pale lipo jengo la forodha walilojenga Wajerumani mwaka 1895. Kabla ya hapo na baada yake, pembe za ndovu zilishuka mabegani mwa wapagazi kutoka Ujiji na Tabora, zikavushwa Unguja, na nyingine nyingi zikafika hadi Connecticut, Marekani, zikawa vibonyezo vya piano. Sijasikia kwamba kuna aliyeuliza zina cheti gani, wala kama zina nia ya kurudi nyumbani. Na mpaka sasa mpingo wa Tanzania unasafiri kwenda kuchongwa ala za kupuliza, klarineti na obo. Ala ikiwa bado gogo, inapita. Ikishakuwa ngoma, inachomwa.

Najua msaidizi wako atasema viza ni mambo ya nje, ngozi ni mifugo, ushuru ni biashara, na wewe ni utamaduni. Ndiyo maana nimekuja na kifungu mkononi.

Kuna Mkataba wa UNESCO wa kulinda na kukuza anuwai ya kazi za utamaduni. Ulipitishwa Paris tarehe 20 Oktoba 2005, nchi 148 zikiunga mkono na 2 zikipinga, Marekani na Israeli. Tanzania iliuridhia mwaka 2011. Kifungu cha 16 hakina mafumbo: nchi zilizoendelea zitawapa upendeleo wasanii wa nchi zinazoendelea, na bidhaa zao na huduma zao za utamaduni vilevile. Sikukiokota kifungu hiki njiani. Alikuja kutusomea mgeni rasmi aliyetumwa kutoka ofisini kwako miaka mitatu iliyopita, kwenye semina hapa hapa Bagamoyo. Akasema mlango umeshafunguliwa, kazi yetu ni kuandaa ngoma. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Ngoma tukaziandaa. Mlango sijui ulifunguliwa nyumba ya nani.

Baada ya semina nikaenda kuusoma Mkataba wote, jioni nikingoja ngozi zikauke. Marekani ilipinga ikisema utatumika kuzuia biashara ya filamu na muziki. Walioutaka nao walikuwa na kidonda: mwaka 1997 Kanada ilishindwa mbele ya Shirika la Biashara Duniani, WTO, katika kesi ya kulinda majarida yake, na nchi nyingi zikaona kwamba utamaduni ukifika pale hauna tofauti na gunia la sukari. Ndipo kikatungwa Kifungu cha 20. Kinasema Mkataba huu hauko chini ya mikataba mingine. Halafu mstari wa pili unasema hakuna neno humu litakalobadili haki na wajibu wa nchi katika mikataba mingine. Nimekirudia mara sita. Mkono mmoja unakupa, wa pili unakunyang'anya. China ilikuwa imeuridhia, na bado mwaka 2009 ilishindwa na Marekani huko WTO katika kesi ya vitabu na filamu. WTO ina wasuluhishi na adhabu. Mkataba wetu, ukisoma Kifungu cha 25, una mazungumzo na upatanishi.

Mimi si mwanasheria, lakini nadhani hapo ndipo ngoma zangu zilipofia. Daktari wa mifugo wa kule ana sheria yenye meno, mimi nina ahadi yenye picha za pamoja. Na daktari simlaumu sana. Kimeta ni kimeta, ugonjwa wa mifugo unaompata hata mtu kupitia ngozi, na London mwaka 2008 alikufa mtengeneza ngoma kwa sababu ya ngozi zilizoagizwa kutoka nje. Basi si tungekaa nao tukakubaliana namna ya kuitibu ngozi hapa hapa, na cheti kitakachoaminika kule? Nani ameenda kuwaambia?

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mimi mwamba ngoma nakwambia, ukiivutia upande mmoja tu hailii. Unavuta huku, unahamia kigingi cha pili ng'ambo, unavuta na kule, mpaka ikaze sawasawa. Wazungu wanavuta upande wao, hiyo ni haki yao. Upande wetu kigingi kipo, mvutaji hayupo. Visiwa vya Karibi mwaka 2008 vilipotia saini mkataba wa biashara na Ulaya, vilidai utamaduni uwemo, na itifaki yake ikawemo. Sisi mwaka 2016 tuliukataa ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ajili ya kulinda viwanda. Sina ugomvi na hoja ya viwanda. Naomba tu kujua kama katika vikao vyote vile kuna siku mtu alitamka neno ngoma, nje ya ile iliyowapokea uwanja wa ndege.

Barua hii nilianza kuiandika nikitaka fidia, ada za viza zirudi, balozi aitwe ajieleze, na yule mgeni rasmi aje tena aniangalie usoni. Mke wangu akaisoma akasema, "Baba Mwanaidi, ukiomba vingi utajibiwa kwa salamu."

Naomba kimoja, basi. Kifungu cha 9 kinaitaka kila nchi mwanachama kupeleka taarifa UNESCO kila baada ya miaka 4. Taarifa ijayo ya Tanzania, Mheshimiwa, naomba iandikwe kwamba ngoma 5 za Bagamoyo zilichomwa na nchi ambayo nayo ni mwanachama wa Mkataba huohuo, na kwamba tunaiuliza kwa maandishi imetekeleza nini katika Kifungu cha 16. Ukurasa mmoja unatosha. Hata nusu ukurasa. Msondo mmoja, vumi moja, chapuo 3. Picha zake ninazo, vipimo ninavyo, na nakala ya kile cheti chenye muhuri ipo. Nitavileta mwenyewe Dodoma kwa basi, viza haihitajiki.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwamba ngoma,
Bagamoyo