Shukrani kwa mzee wa hekaluni Kisutu

Jamani naomba nimshukuru mzee mmoja wa Kihindi, jina sikumuuliza. Jumanne jioni nilikuwa na bi mkubwa tunapita mtaa wa Kisutu hapa Dar, ule wenye mahekalu ya Wahindu kadhaa, ghafla mama akaanza kutetemeka, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Ana kisukari, nikajua imeshuka, na mimi mkononi sina hata pipi.

Huyo mzee alikuwa ndani kwenye arti, ile sala yao ya jioni ya kuzungusha taa mbele ya miungu huku kengele zinalia, watu wanapitisha viganja juu ya moto halafu wanajipangusa usoni. Akaiacha katikati akatoka peku. Akamkalisha mama kwenye benchi pale viatu vinapoachwa, akauliza "anaweza kumeza?" kwanza, ndo akaleta maji na prasad, ule utamu wanaogawiwa wote baada ya ibada, akamlisha kidogokidogo kwa mkono wake. Hakutuuliza dini. Akakaa nasi kama robo saa mpaka mama akaanza kuongea vizuri, akaita bajaji, akamlipa dereva kabisa atupeleke hospitali.

Mzee wangu, mama anaendelea vizuri na anakuombea kila swala. Shikamoo na asante sana. Na nyie wenye wagonjwa wa sukari wekeni glukosi kwenye mkoba, mimi sasa natembea nayo.